Honda CG125 ya mjomba: nimeifufua uani Ipagala, Dodoma, kwa 435,000, na haya ndiyo niliyoyaona

Kwa mwenye haraka: ndiyo, CG125 ya zamani inafufulika nyumbani, hata kwa mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi kama mimi, mradi chesesi haijapinda na krenki ni nzima. Yanayofuata nimemwandikia mwenye pikipiki ya namna hiyo iliyolala bandani kwa mzee wake, anayejiuliza kama aiuze kwa wanunua chuma chakavu au afungue pochi.

Yangu ilikuwa ya mjomba, bwana mifugo mstaafu wa Kongwa. Aliendea nayo maboma kuchanja ng'ombe na kutibu mbuzi, hadi siku moja ilipozima porini ikarudi nyumbani juu ya mkokoteni wa punda. Ikaingizwa kwenye banda la mbuzi na kukaa humo miaka kumi na moja. Nilipomwomba alinyamaza kwanza, halafu akasema, "Mpwa wangu, ichukue. Ila usije ukaiacha imefunguliwa nusu. Bora irudi hapa ilale kama ilivyo." Niliisafirisha hadi Dodoma juu ya Kanta la mahindi kwa shilingi 30,000.

Tairi zilikuwa zimepasuka, tanki limejaa kutu, siti imebaki chuma na spring'i, na kiki haishuki hata kidogo. Lakini chesesi ilikuwa safi kabisa. Huu ukavu wa Dodoma tunaoulalamikia kila mwaka ndio umeihifadhi. Ingelala muda huo huo Tanga au Lindi, chumvi ya bahari ingekuwa imeshakula viunganisho vyote.

Kilichonipa moyo wa kuanza ni aina yenyewe ya injini. Honda waliitoa CG125 mwaka 1976. Kabla yake walikuwa na CB125, yenye kamshafti, ile shafti inayofungua valvu, juu kwenye kichwa cha injini, inayozungushwa na cheni ya ndani. Injini hiyo inataka oili safi kwa wakati, na kwenye nchi ambako pikipiki inabeba magunia na oili inabadilishwa hela ikipatikana, ilikuwa inachoka mapema. Wahandisi wakaja na CG: kamshafti imeshushwa chini, inazungushwa na gia, na valvu zinasukumwa na fimbo mbili ndefu. Cheni ya ndani ya kulegea haipo. Hata cheni ya nje waliifungia ndani ya kava zima, vumbi lisiiguse. Nilipofungua kava hilo nilikuta cheni ina grisi ngumu kama lami, ila chini yake chuma bado kinang'aa.

Jambo la pili ni viwanda vya China. Viliichukua injini hiyo vikaitengeneza kwa wingi, ndiyo maana pikipiki nyingi za Kichina zilizoanza bodaboda kwetu zina injini ya ukoo wa CG. Ukiingia duka lolote la spea pale Sabasaba ukasema "CG", muuzaji anageuka kwenye rafu bila kukuuliza mara mbili. Mwenye Yamaha au Suzuki ya zamani ya kuchanganya oili na petroli hana bahati hiyo, na ningekuwa na moja ya hizo nisingethubutu kwa bajeti yangu.

Bajeti ilikuwa 60,000 kila mwezi kwa miezi saba. Vifaa vya kuanzia: seti ya spana, bisibisi ya kugonga kwa nyundo (usifungue skrubu za pembeni mwa injini bila hiyo, utazivunja vichwa), na filageji, vile vibati vyembamba vya kupimia uwazi. Kalipa, kifaa cha kupimia vipenyo, niliazima kwa kijana jirani yangu, dereva wa boda aliyesoma ufundi VETA. Nimshukuru hapa hapa. Jioni nyingi alikuja kunishikia taa na kunifundisha bila kudai hata soda. Alikuwa ananiambia, "Mwalimu, pima kwanza, mkono baadaye."

Pistoni ilikuwa imeng'ang'ania. Nilitoa plagi, nikamimina dizeli iliyochanganywa na oili ya gia boksi ya gari, nikaiacha siku nne, nikiongeza kidogo kila jioni. Siku ya tano niliingiza gia ya juu nikawa nalisukuma gurudumu la nyuma mbele na nyuma, taratibu sana. Usirukie kiki kwa nguvu, utapinda kitu. Iliachia kwa mlio mdogo, kama kijiti kinachokatika, na mimi nikakaa chini kwenye vumbi nikacheka peke yangu.

Hapa ndipo nilipofanya kosa lililonigharimu, kwa hiyo nitalieleza taratibu. Silinda ya CG mpya ina kipenyo cha milimita 56.5, na pistoni inasafiri milimita 49.5, ndiyo unapata ule ujazo wa sentimita za ujazo 124. Ya mjomba ilikuwa imelika na ina mikwaruzo. Njia ni mbili: ununue silinda nzima ya Kichina pamoja na pistoni yake, au uchonge ya zamani na kuweka pistoni kubwa zaidi, oversaizi, ambazo huenda kwa hatua za robo milimita. Kila mtu dukani alinishauri ninunue nzima. Mimi nilichagua kuchonga, na ningechagua hivyo tena. Chuma cha ile silinda ya Kijapani kilikuwa kimebeba miaka ya kazi, na bado mikwaruzo yake ilikuwa ya juu juu. Silinda mpya ya bei rahisi niliyoonyeshwa ilikuwa na kingo zisizosawazishwa na mabaki ya kiwandani ndani ya njia ya oili. Sikuiamini.

Nikanunua pistoni ya oversaizi ya 0.50 kwa 28,000. Boksi zuri, maandishi mazuri, muuzaji akaniapia ni halisi. Nyumbani nikaipima kwa kalipa, chini kwenye sketi ya pistoni: 56.7. Ya 0.50 ilipaswa kukaribia 57. Niliyouziwa ilikuwa ya 0.25 ndani ya boksi la 0.50. Niliirudisha kesho yake nikaambiwa mali ikitoka dukani hairudi. Iliniuma sana, maana hiyo ilikuwa karibu nusu ya hela ya mwezi. Lakini fikiria kama ningepeleka silinda kwa mchongaji kwanza na kumwambia achonge ya 0.50. Ningekuwa na tundu la milimita 57 na pistoni inayocheza ndani yake kama mchi kwenye kinu. Kwa hiyo: pistoni kwanza, uipime, kisha uipeleke pamoja na silinda, fundi achonge kwa kuifuata pistoni iliyo mkononi mwake.

Pistoni ya pili niliipata duka jingine kwa 38,000, na safari hii niliingia na kalipa mfukoni. Muuzaji hakukasirika, alinipa tatu nichague. Karakana ya leith, mashine ya kuchongea chuma, niliyokwenda upande wa Kizota ilinitoza 25,000, na kazi yao naipa alama zote. Mzee mwenye mashine alikataa kuanza hadi aipime pistoni mwenyewe mara tatu, na akaiacha silinda ikiwa na michirizi midogo ya kukingamana ya kushikia oili. Nyumbani niliisukuma ringi ya pistoni peke yake ndani ya silinda nikapima mwanya wa ncha zake: kibati cha 0.25 kilipita, cha 0.30 kikagoma. Hapo nilijua nimetendewa haki.

Valvu nilisaga mwenyewe kwa dawa ya kusagia na kijiti chenye mpira. Kazi ya jioni mbili, mikono inauma, haina siri.

Tanki ndilo lililonifurahisha kuliko vyote. Watu wananunua jipya. Mimi niliziba matundu, nikamwaga siki lita tano, nikatumbukiza nati za zamani kama thelathini nikalitikisa kila nilipopita, siku mbili. Yalitoka maji mekundu kama udongo wa Mpwapwa. Siki ikibaki ndani inaendelea kula chuma, kwa hiyo nikasuuza kwa maji ya magadi, yale yale ya kupikia maharage, kisha maji safi, kisha nikaliacha wazi juani. Jua la saa saba la Dodoma linakausha tanki kabla hujamaliza kikombe cha chai. Nikazungushia petroli yenye oili kidogo papo hapo, maana ukilala bila kufanya hivyo asubuhi unakuta kutu mpya.

Mfumo wa moto ni wa plati, vile vibati viwili vinavyogusana na kuachana ili plagi itoe cheche, na umeme ni wa volti 6. Nilishauriwa nibadilishe wote niweke CDI, moto wa kielektroniki usio na plati, na volti 12. Sikubadilisha, na sababu ni hela tu. Plati nilizisafisha kwa msasa laini sana, nikaweka uwazi wa milimita 0.35, nikabadilisha kondensa. Uzuri ni kwamba moto wa plagi unatoka kwenye magneti moja kwa moja, betri ikifa pikipiki inawaka vilevile. Ubaya ni taa. Balbu za volti 6 nilizitafuta wiki mbili, na mwanga wake ni wa kumwonyesha mwenzako kwamba unakuja, si wa kukuonyesha shimo. Usiku siendi nayo nje ya mji.

Iliwaka Jumamosi moja asubuhi, kiki ya tisa. Moshi mweupe, halafu mweusi, halafu ikatulia. Moshi mweusi ulirudi kila nikivuta mafuta. Dodoma iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo, na kabureta ilikuwa inaipa petroli nyingi. Nilipandisha klipu ya sindano ya kabureta tundu moja, sindano ikashuka, plagi ikaanza kutoka na rangi ya kahawia ya biskuti. Kilomita 500 za kwanza sikuvuta mafuta zaidi ya nusu, na oili ya kwanza niliimwaga baada ya kilomita 100. Ilikuwa na unga wa chuma unaometa. Hilo ni la kawaida kwa silinda iliyochongwa, usiogope, ila usiiache humo.

Sasa imetembea kilomita 2,900 kwa miezi sita. Lita moja inanipeleka kilomita 40 hivi, nikiwa peke yangu na begi la madaftari. Kwenye lami ya kuelekea Mbande inakwenda 70 bila kulalamika, na sina hamu ya zaidi. Oili haili. Breki za ngoma, hata zikiwa na brekishuu mpya, zinataka uanze kufikiri mapema. Aliyezoea breki za disiki ajifunze upya kabla hajaingia mzunguko wa magari. Sili za shokapu za mbele zinavuja upande mmoja, hilo ni la mwezi ujao. Tairi la mbele lilikuwa 2.50-18, nikaweka 2.75-18 kwa sababu ndilo lililokuwepo, na limekaa vizuri.

Tairi na tyubu zake ndizo zilizokula hela nyingi kuliko kitu kimoja chochote: 118,000. Rangi na kupuliza 42,000, cheni na sproketi 35,000. Vilivyobaki ni vidogo vidogo: gasketi, waya za klachi na breki, beringi za magurudumu, oili, msasa. Jumla 435,000, pamoja na ile 28,000 iliyopotea na usafiri wa Kanta. Mishahara ilitoa 420,000, na 15,000 ya mwisho niliikopa kikoba. Pikipiki mpya ya boda inaanzia juu ya milioni mbili, na kwangu mimi hilo lingekuwa deni la miaka.

Karatasi usizisahau. Ile ada ya kila mwaka ya leseni ya chombo ilifutwa mwaka 2017, kwa hiyo hilo halikutishi, lakini kadi ikiwa na jina la mzee, nendeni TRA wote wawili mkahamishe umiliki wakati yupo na ana nguvu. Nimeona familia zinazohangaikia hilo baada ya msiba.

Likizo ya Juni niliipeleka Kongwa, kilomita themanini na kitu. Mjomba alitoka na fimbo yake, hakunisalimia kwanza, aliinamisha sikio. Akaniambia niiache ingurume. Akasikiliza kama anavyosikiliza mapafu ya ndama, kisha akagusa upande wa eksozi.

"Valvu hii inagonga."

Nikamwambia niliweka uwazi wa 0.08 zote mbili, kwa filageji.

"Uliweka ikiwa ya baridi?"

Nikakumbuka kwamba ya eksozi niliirudia siku niliyotoka kuijaribu, injini bado ya moto. Nilipotaka kutoa spana kwenye begi alinizuia. Akamwita mke wake alete chai, akavuta kigoda kivulini karibu na pikipiki, na tukakaa pale mpaka jua lilipokaribia kuzama, tukisubiri ipoe.