Askari wa Kudumu na Askari wa Akiba katika Jeshi la Kanada

Anayejiunga na jeshi la nchi kavu la Kanada kama askari wa kudumu huanza mafunzo ya awali Saint-Jean-sur-Richelieu, Quebec. Baadaye hupangiwa kambi kama Petawawa, Edmonton au Valcartier, na baada ya miaka michache huweza kupewa uhamisho unaomlazimu mwenzi wake kuacha kazi na watoto kuanza shule upya. Hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo gharama kubwa zaidi, kuliko hata baridi na mazoezi. Malipo yake ni mshahara kamili, matibabu na pensheni.

Askari wa akiba hubaki mjini kwake. Mchana ni mwalimu au mwanafunzi; jioni moja kwa wiki hufunga kamba za buti na kwenda kikosini, na baadhi ya wikendi hulala porini. Kwa kawaida hatumwi ng'ambo asipojitolea, ingawa wengi walijitolea kwenda Afghanistan, ambako Kanada ilipoteza wanajeshi zaidi ya 150. Waliorudi walirejea ofisini na vyuoni, miongoni mwa watu wasiojua walichokiona, ilhali askari wa kudumu alizungukwa na wenzake waliokuwa naye vitani. Mwenye familia changa ningemshauri achague akiba, lakini asidhani ni njia nyepesi.