Plagi ya skuta yenye silinda kubwa: kwa nini nimebaki na CR8HSA

Nianze na jibu kabisa maana najua wengine hamfiki mwisho. Ukishabadilisha silinda ya skuta, plagi ya kuweka ni NGK CR8HSA, ile ya kawaida ya kopa, si iridiamu na si ile ya miguu mitatu. Na hapa naongea kuhusu injini ya GY6, ile ya skuta nyingi za Kichina, ya 150 iliyowekwa silinda ya milimita 61 badala ya ile ya 57.4 iliyokuja nayo, yaani imetoka cc 150 imefika kama 169, kabureta ina jeti kubwa (kile kitundu cha kupitisha mafuta) na egzosi si ya kampuni. Kama skuta yako haijaguswa kitu, weka CR7HSA uende zako, hela inayobaki kula viazi karai.

Namba ndio zinachanganya watu. Kwa kampuni ya NGK namba ikipanda plagi inakuwa baridi zaidi, kwa hivo 8 ni baridi kuliko 7. Denso nao wanapanda hivo hivo ila hesabu yao ni nyingine, 8 ya NGK kwao ni 24, ukikosa CR8HSA uliza U24FSR-U. Sasa njoo kwa Bosch na Champion, huko mambo yanageuka, namba kubwa ndio ya moto, na hapo ndipo muuza duka anakwambia chukua hii ina namba kubwa ni ya resi, kumbe anakupa kinyume cha ulichokuja kutafuta. Herufi nazo si uchawi: C ni thredi ya milimita 10 na spana ya 16, R ina rizista ndani, H ni urefu wa thredi, milimita 12.7. Skuta nyingi za Kichina zinakuja na plagi imeandikwa A7TC, hiyo ni ndugu ya C7HSA usishtuke. Ila ile ya bodaboda za CG125, D8TC ama D8EA, hiyo ni thredi ya 12 haiingii hata uisomee dua, na bado kuna maduka ukisema tu "nipe plagi ya piki" unawekewa hiyo juu ya kaunta bila kuulizwa swali. Taja namba nzima.

Alafu kuna hii imani ati plagi baridi inapooza injini. Haipoozi chochote. Ubaridi ni vile ncha ya plagi inavyotoa joto lake kulipeleka kwa hedi, ile pua ya kauri ndani ikiwa fupi joto linatoka haraka, ikiwa ndefu linakaa. Ncha inataka iwe juu ya digrii 450 hivi na isipite sana 800, chini ya hapo masizi hayaungui yanajaa, juu ya hapo ncha inawaka yenyewe na inawasha mafuta kabla stimu ya CDI (kile kiboksi kinachopangia plagi wakati wa kuwasha) haijafika, na hapo ndipo pistoni inatoboka. Ukipanda namba moja ncha inashuka kama digrii 70 hadi 100. Silinda kubwa inachoma mafuta mengi zaidi kila mpigo, joto linaongezeka, ndio maana tunashuka hatua moja ya baridi. Moja tu! Naona watu wanaruka mpaka 9 kwa injini ya kwenda sokoni, alafu wanalalamika haishiki moto asubuhi.

Yangu mimi na CR7HSA mjini haikuwa na neno. Neno lilikuwa barabara ya kutoka Mombasa kwenda Mtwapa, ukishatoka Bamburi ukafungua gesi mpaka mwisho na jua la saa saba liko utosini, ama kupanda Mazeras na mtu nyuma, unasikia injini inagonga kwa mbali, sauti ya chuma chembamba, ukipunguza gesi inanyamaza. Nikaipeleka kwa fundi wangu Majengo, akatoa plagi akaipangusa thredi na kitambaa akamulika na tochi ya simu. Kauri nyeupe pe, na juu yake vidoa vidogo vidogo vyeusi vimetapakaa. Vile vidoa si uchafu, ni alama ya kugonga, na ukiona vinavyong'aa rangi ya fedha ujue ni aluminiamu ya pistoni yako imeanza kuhama.

"Mwanangu, usikimbilie plagi kwanza," akasema. "Hii inakula hewa nyingi."

"Ami, jeti si ilishaongezwa?"

"Iliongezwa wapi?"

Iliongezwa Nairobi na aliyeniuzia. Na hapo ndipo somo lenyewe lilipo, kwa wote mnaonunua skuta zilizofanyiwa kazi huko juu. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, presha ya hewa ni ndogo kuliko huku karibu moja ya tano, kwa hivo jeti iliyopimwa kule ikakaa sawa, ukiishusha Mombasa inakuwa ndogo, manake hapa hewa ni nzito na mafuta ni yale yale. Mchanganyiko unakuwa mkavu, injini inapata moto, plagi inageuka nyeupe. Ukiweka plagi baridi juu ya hali hiyo umeficha ugonjwa tu. Fundi akapandisha jeti kwanza, ndio CR8HSA ikaingia, na tangu hapo kauri inatoka kahawia hafifu, rangi ya chai ya maziwa, kugonga kumeisha hata Mazeras.

Na ukitaka kusoma plagi vizuri usisome baada ya kutembea mdogo mdogo mpaka nyumbani. Tafuta barabara wazi, fungua gesi mwisho kwa muda, alafu zima swichi ukiwa hapo hapo kwa spidi, iache ijiendee mpaka isimame (angalia tu usizungushe ufunguo ukafunga hendeli), toa plagi pembeni ya barabara. Ukipita na foleni ya Buxton kabla ya kuitoa, rangi utakayoiona ni ya foleni.

Sasa hizi feki. Wallahi zimejaa, na sanduku ni zuri kuliko la halali wakati mwingine. Duka moja silitaji niliuziwa CR8HSA, nikaja kuiweka kando ya ile ya halali, tofauti hauioni mpaka uzishike zote mbili. Washa ya ile feki, yaani ile ringi ya chuma ya kuzibia chini ya kichwa cha spana, ilikuwa inatoka kwa mkono, unaizungusha tu inaanguka, ya halali imebanwa haitoki kirahisi. Thredi zake ukipitisha kucha zinakwaruza. Ncha ya katikati haikukaa katikati, imelalia upande mmoja, na ule mguu wa juu umekatwa ovyo una vinundu pembeni. Maandishi kwenye kauri yameiva wino kupita kiasi na pale kwenye kichwa cha spana hakuna namba yoyote iliyogongwa. Kwa hivo ukienda Mwembe Tayari ama popote, fungua sanduku hapo hapo mbele ya mwenye duka, akikataa kufunguliwa mwachie plagi yake.

Bei, niliyouziwa mimi ya kopa haikufika mia tano. Iridiamu, CR8HIX, ukitoa elfu moja usingoje chenji. Je inafaa? Inafaa kwa mtu mwingine si kwangu. Ncha yake ni nyembamba milimita 0.6, stimu inaruka kwa urahisi, inashika moto haraka asubuhi na gepu, ule mwanya stimu inaporuka, haichoki upesi, hayo ni ya kweli. Ila nguvu haikuongezei kama koili na CDI zako ni nzima, na mtu ambaye bado anachezacheza na jeti anaweza kuichafua na masizi kabla hajapata hesabu yake, hapo elfu imeenda. Maliza kutengeneza kwanza na plagi za kopa, ukishatulia nunua iridiamu kama moyo unataka. Hizo za miguu mitatu zinazouzwa na kauri ya rangi rangi ati za resi, stimu inaruka kwa mguu mmoja tu kila mara, hiyo mingine miwili ni pambo na inazuia moto kusambaa. Mimi siweki.

CR8HSA nayo nikiipa nyota ni nne kwa tano, siipi tano kwa sababu ya feri. Ukiwa unaishi Likoni na kila siku uko kwenye ile foleni, injini inazunguka bila kazi, unasogea hatua mbili unasimama, plagi baridi haifiki joto la kujisafisha na masizi yanakusanyika. Si kosa lake, ndio tabia ya ubaridi. Mtu wa kusambaza vyakula Nyali na Kongowea, vituo vifupi vifupi, hata kama una silinda ya 61 mimi ningekwambia jaribu 7 kwanza ukishaweka jeti sawa. Mtu wa Mtwapa, Kikambala, Mariakani, wewe ndio wa 8. Ukiona 8 inatoka nyeusi kavu hata baada ya mwendo mrefu, mchanganyiko wako una mafuta mengi. Ikitoka imelowa oili, hiyo ni ringi ama sili za valvu, hakuna namba ya plagi itakayokuokoa.

Kuifunga kwenyewe watu wanaharibu hapa. Hedi ni aluminiamu na thredi ni ya 10, nyembamba, ikishaliwa ni kazi ya leth. Ngoja injini ipoe, ingiza plagi kwa mkono mpaka igote kabisa, ikikaza katikati irudishe uanze upya, alafu spana karibu nusu raundi ili washa ikae. Kwa wenye spana ya kupima ni Nm 10 hadi 12. Gepu iwe 0.6 hadi 0.7, pima hata kama ni mpya. Na kwa sisi wa pwani, angalia ile kofia ya plagi, chumvi ya bahari inaingia ndani chuma kinapata kutu, skuta inamisi mtu anabadilisha plagi tatu bure.

Wale wa injini za mafuta ya kuchanganya na oili, Jog, Dio na jamaa zao, haya ya namba C msiyachukue, nyinyi ni thredi ya 14, ukoo wa BPR7HS na BR8HS, na hapo pia silinda ikikua mnashuka hatua moja ya baridi, ila herufi P ikiwepo ncha inachomoza zaidi ndani, kwa hivo kabla ya kuiweka na pistoni isiyo ya kampuni zungusha injini kwa mkono uhakikishe haigusi.

Mimi ile CR7HSA ya zamani sikuitupa, iko chini ya kiti pamoja na spana ya 16, mvua za Mei zikianza na foleni ikiwa ya kutambaa nairudisha.