Ekitundu Ekisooka cha Tamusuza: amadinda kwenye fidla

Aliyezoea enanga, ala ya nyuzi ya Bukoba, hatashangazwa na Ekitundu Ekisooka. Justinian Tamusuza, mtunzi wa Uganda, alikiandikia fidla mbili, viola na chelo, na Kronos Quartet, kundi la Marekani la wapiga nyuzi wanne, wakakirekodi kwenye albamu ya Pieces of Africa (Nonesuch, 1992). Ni dakika 5 hivi. Mnunuzi ajue mapema: humo mna sehemu ya kwanza tu ya Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, si kazi nzima.

Utamu wake uko kwenye kupokezana. Amadinda, marimba ya Buganda, ina mbao 12 na wapigaji 3. Wawili hukaa wakitazamana, kila mmoja na mfululizo wake, pigo la huyu likiangukia katikati ya mapigo ya yule. Wa tatu hushika mbao 2 za mwisho upande wa sauti za juu. Msikilizaji husikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga. Kronos wamelipata hilo vizuri sana.

Mlio ndio unaonipa shaka. Amadinda hugawa oktava (umbali wa kutoka sauti moja hadi ile ile ya juu) katika hatua 5 zinazokaribia kulingana, kila hatua kama senti 240 (senti za muziki, si za dukani: oktava moja ni senti 1200), kwa hiyo hatua 3 ni senti 720. Nyuzi za fidla zinazofuatana zimeachana kwa senti 702, karibu na hapo lakini si sawa. Ukizitumia wazi, bila kuzibana kwa kidole, zinakurudisha kwenye mlio wa piano, na rekodi hii imeelemea huko: safi mno.

Wapiga fidla wa kwaya hapa Mwanza wanaotaka kujaribu mtindo huu wamwangalie fidla wa pili. Akijihesabu kuwa mdandiaji wa mapigo ya mwenzake, atachelewa kidogo kila mara na wimbo utachechemea. Kwenye amadinda kila mpigaji hulichukua pigo lake kuwa ndilo kuu. Anzeni kwa nusu ya kasi, metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) imfuate wa kwanza, kisha imfuate wa pili. Upinde uwe mfupi, katikati, na kidole kisitetemeshwe, maana mtetemo unafukia pengo ambamo mwenzako anaingia.

Kwa kusikiliza, spika ya simu inameza chelo, tumia hedifoni. Na kama nyumba ni ya bati, subiri mvua ikatike.