Wamenifulia Katanga: uzoefu wangu na duka la noti za kale

Noti ikishafuliwa imekwisha. Anayeifua, akaipiga pasi, kisha akakuuzia bila kukutajia, amekuibia, hata kama ulichopokea ni karatasi halali ya mwaka halali. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniwasha tangu mzigo ufike, na kila nikijaribu kuandika kwa utulivu najikuta nimerudi hapo hapo.

Duka ni la Ulaya, linauza kwa mtandao noti za serikali ambazo hazikudumu. Hizo ndizo ninazokusanya hapa Dar, na wenzangu mnajua wauzaji wake walivyo wachache. Kipindi cha mvua mwaka huu niliagiza za Ukraine, Biafra na Katanga kwa mpigo. Niseme haki: mbili za kwanza sina neno nazo.

Ya Ukraine ni karbovanets 100 yenye mwaka 1917, kazi ya mchoraji Heorhiy Narbut. Mbali na Kiukraini, thamani yake imeandikwa kwa Kirusi, Kipolandi na Kiyidishi. Serikali ile ya Kyiv haikuwa na uhakika wa kesho yake, lakini iliona ni lazima kila raia aweze kuisoma pesa yake. Nilipoishika nilisikia raha ambayo asiyekusanya sijui nimweleze vipi. Ya Biafra, ile iliyojitenga na Nigeria, ni pauni 5 ya toleo la pili, la 1969, ile isiyo na namba ya mfululizo. Zipo zenye namba na zipo zisizo nazo, na muuzaji alieleza hivyo hivyo bila kuipamba kwamba ni kasoro adimu ili apandishe bei. Mpaka hapo ningempa nyota nne, pengine tano. Hata ufungaji ulikuwa wa kuigwa: kadibodi ngumu pande zote mbili na plastiki salama, si ile inayotoa mafuta ikala wino.

Kisha nikafungua ya Katanga.

Kwa asiyejua: Julai 1960, siku 11 tu baada ya Kongo kupata uhuru, Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo la Katanga, alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Hakuna nchi hata moja iliyoitambua. Lakini ilikuwa na shaba, ilikuwa na kodi za Union Minière, kampuni ya Kibelgiji ya madini, na mwanzoni mwa 1961 ikatoa pesa yake. Noti za kwanza zina sura ya Tshombe mwenyewe. Kwenye faranga 100 ya 1962 sura yake imeondoka, yupo mwanamke aliyebeba mahindi. Januari 1963 mambo yote yakaisha. Noti hiyo ya mwanamke wa mahindi iliishi miezi tu, na ndiyo niliyoagiza. Nilitaka iliyotumika. Mpya zipo pia, lakini mimi nilitaka iliyopita mikononi mwa watu, na tangazo lilisema hivyo: imetumika, karatasi bado imara.

Kwa macho tu ilikuwa nzuri kupita kiasi, na hapo ndipo shaka iliponiingia. Noti iliyotembea ina uchafu wa namna yake. Unakaa ndani ya mikunjo, unakaa kwenye pembe zinazoshikwa kwa dole gumba wakati wa kuhesabu. Hii pembe zake zilikuwa zimelika na kuwa duara, dalili ya noti iliyofanya kazi, ilhali uso wake ulikuwa safi na umenyooka kama kanzu ya Idi. Haviendi pamoja. Nikazima taa ya chumbani, nikalaza tochi kando ya karatasi mwanga upite juu juu. Mikunjo yote ikajitokeza: mmoja mkubwa wima katikati, mingine miwili kando yake, na mmoja wa mlalo. Imebanwa ikalala, lakini nyuzi za karatasi zikishakatika pasi haiziungi.

Nikaichukua taa ya buluu, ile wanayokagulia noti kwenye maduka ya kubadilisha fedha, nikaiweka noti yao kando ya faranga 100 nyingine ya toleo lile lile ambayo ninayo siku nyingi. Ya zamani ilibaki giza. Ya kwao iliwaka. Sabuni za unga huwa na kemikali ya kung'arisha nguo, na kemikali hiyo huwaka chini ya taa ya namna ile. Nikazipiga picha zikiwa pamoja, nikamtumia rafiki yangu wa Lubumbashi, mkusanyaji aliyenitangulia mbali. Jibu lake lilikuwa fupi: "Ndugu yangu, hii wameifua."

Nikapiga simu. Sikupiga kwa ukali, nilisalimia, nikajitambulisha, nikaeleza habari ya tochi na habari ya taa. Aliyepokea ni mwenye duka mwenyewe. Kwanza akasema kusafisha ni jambo la kawaida, wateja wanapenda noti safi. Nikamwambia basi yaandikwe kwenye tangazo, anayependa anunue akijua. Akaniambia mbona hata noti za hariri za Khorezm wenyewe walikuwa wakizifua.

Nilishusha pumzi. Ni kweli huko Khiva, mji mkuu wa Khorezm ya Asia ya Kati, kati ya 1918 na 1921, walichapa pesa kwenye hariri, kwanza chini ya khani, mtawala wake, na baadaye chini ya jamhuri iliyompindua. Inasimuliwa kwamba thamani yake ilipokufa watu walizishonea mablanketi. Lakini hariri ni kitambaa! Kufuliwa ni sehemu ya maisha yake, na aliyeifua ni yule aliyekuwa akiitumia, alipokuwa akiitumia. Mtu wa leo kuchovya karatasi ya 1962 kwenye sabuni ili ipande daraja la ubora na bei, hilo ni jambo jingine kabisa, na anayefanya biashara hii analijua.

Ndipo akasema lile: "Katanga ilikuwa serikali ya miaka miwili na nusu. Nani ataikagua noti yake kwa taa?"

Mimi. Mimi nitaikagua. Dola lililokaa miaka mia limeacha majengo, nyaraka, sanamu na watu wa kulisimulia. Hili limeacha vitu vichache mno ambavyo mtu wa kawaida aliwahi kuvishika, na pesa ni kimojawapo. Simpendi Tshombe na sina sababu ya kumpenda. Januari 1961 Lumumba aliuawa huko huko Katanga. Lakini mama muuza mboga wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, hakuulizwa kama anataka nchi mpya. Aliamka akakuta chenji imebadilika, akaihesabu kwa Kiswahili vile vile alivyoihesabu ya jana yake, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kitenge. Mikunjo ile ni ya watu kama yeye. Wameibana kwa pasi ili mnunuzi asiione, na uchafu wa vidole wameumwaga pamoja na povu. Halafu mtu anayekula na kusomesha watoto kwa kuuza noti za serikali zilizokufa mapema ananiambia serikali hiyo ilikufa mapema mno kustahili uangalifu!

Nikaomba kurudisha. Sharti lao ni siku 14 tangu mzigo kutumwa. Nimesema kutumwa, sikusema kupokelewa. Kwa mteja wa Brussels au Paris hilo halina shida. Kwa mteja wa Dar, Nairobi au Bujumbura, siku hizo zinaishia njiani, na wanalijua kwa sababu wao ndio wanaobandika stempu. Akaniahidi punguzo kwenye oda ijayo. Hakuna aliyenitamkia pole.

Nilipanga niandike tu kwamba nunueni kwa tahadhari, na sababu zipo. Hakuna wengi wanaouza pauni ya Biafra kwa bei ile na kukubali kutuma Afrika bila kuuliza maswali ya kudhalilisha. Maelezo yake kuhusu ile noti isiyo na namba yalikuwa ya kweli, na yule ni mtu anayeijua kazi yake. Kwa kuijua huko ningempa nyota mbili. Lakini nikilifikiria zaidi, huko kuijua kazi ndiko kunakomhukumu. Asiyejua angeweza kuifua noti kwa ujinga. Huyu aliichagua ya kufua. Ile ya Ukraine ambayo watu wengi wanaikagua hakuigusa. Ya Katanga akaona haina mwenyewe. Nyota moja, na hiyo ni ya ile kadibodi.

Atakayeamua kununua kwao hata hivyo, adai picha mbili kabla ya kulipa: moja ya mwanga wa pembeni, moja chini ya taa ya buluu, noti ikiwa nje ya plastiki. Wakikataa, usilipe. Na juzi nimeona wametangaza kerenki, zile rubo 20 na 40 za Serikali ya Muda ya Urusi ya 1917, wakizisifu kwa "kingo safi". Pesa hizo zilitolewa zikiwa kwenye karatasi nzima, hazina namba wala tarehe, na watu walizikata wenyewe kwa mkasi, kwa hiyo kingo zake huenda upande. Zile za kwenye tangazo zimenyooka pande zote nne, kila moja. Kabla hujazigusa, waulize nani amezikata, na lini.