Total War: Warhammer III: Ununue Jamii Ipi Kwanza?

Ukishakuwa na Total War: Warhammer III, mchezo wa kompyuta wa mikakati ya vita, duka la mtandaoni la Steam linakufungulia orodha ndefu ya vifurushi vya nyongeza, na kila kimoja kina picha inayotisha kuliko ya mwenzake. Wengi huchagua kwa macho. Mimi natumia kipimo kingine: jamii unayoilipia ibadilishe namna unavyoendesha himaya kati ya vita na vita. Sura mpya za askari huzoeleka upesi. Hazina yenye kanuni zake yenyewe ndiyo itakayokurudisha kuanza kampeni ya pili na ya tatu.

Kwanza tazama ulicho nacho. Mchezo huu wa tatu, kazi ya Creative Assembly ya Uingereza, ulitoka Februari 2022 ukiwa na jamii za Kislev, Grand Cathay, majeshi manne ya miungu Khorne, Nurgle, Slaanesh na Tzeentch, pamoja na Daemons of Chaos. Tangu Februari 2023 kila aliyeununua anaruhusiwa kucheza Immortal Empires, ile kampeni ya ramani kubwa inayozikutanisha jamii zote, bila kumiliki michezo miwili ya kwanza. Na hata jamii ambazo hujazinunua zimo kwenye ramani hiyo, zikiendeshwa na kompyuta. Pigana nazo kabla ya kulipa. Ukiona jeshi fulani linakuvutia kila linapotokea upande wa adui, tayari una sababu nzuri kuliko picha ya dukani. Kama bado hujamaliza kampeni hata moja na Cathay, subiri kidogo. Safu zao za mikuki mbele na wapiga risasi nyuma zinafundisha misingi vizuri sana.

Nafasi ya kwanza nawapa Tomb Kings, wafalme wa jangwani waliofufuka, waliotoka Januari 2018. Majeshi yao hayagharimu chochote kuyaajiri, wala hayali hazina kila zamu. Ukisikia hivyo utadhani ni mteremko. Sivyo. Idadi ya majeshi unayoruhusiwa kuwa nayo ni ndogo mwanzoni, na huongezeka polepole kadiri unavyofufua nasaba za zamani na kupanua miji. Vikosi vingi navyo vina kikomo: ukitaka Ushabti zaidi, yaani sanamu kubwa za vita, jenga majengo zaidi yanayowaruhusu. Kwa hiyo fedha yote inaingia kwenye ujenzi, na kila mji unaouteka unaupima kwa swali moja: utaniongezea nini jeshini? Vitani askari wao hawakimbii. Wakizidiwa hubomoka palepale. Lakini vifo vyao vikifika viwango fulani, nguvu za wafu huamka na kuliponya jeshi zima, na hapo ndipo vita vilivyokuwa vinapotea hugeuka. Zamu za mwanzo ni za polepole, nakubali, na mtu mwenye haraka ataudhika. Mchezaji anayejifunza, hata hivyo, hatapata jamii inayosamehe makosa ya bajeti kuliko hii. Anza na Settra, mfalme wao mkuu.

Chaos Dwarfs wa Aprili 2023 wanafuata kwa karibu, na kwa mchezaji mzoefu ningewapandisha juu kabisa. Uchumi wao ni mnyororo: mateka wa vita wanakuwa nguvukazi, nguvukazi inachimba malighafi, viwanda vinageuza malighafi kuwa silaha, na silaha ndizo zinazoongeza idadi ya vikosi bora unavyoruhusiwa kuwa navyo. Nguvukazi hupungua yenyewe, hivyo ukikaa bila kupigana mnyororo wote unalegea. Halafu kuna Mnara wa Zharr, ambako unagombania viti na majemadari wengine wa jamii yako mwenyewe, na kila kiti kina faida yake. Mizinga yao ni ya kuogopwa. Iron Daemon, gari la moshi linaloingia vitani likifyatua risasi, ni miongoni mwa vikosi nivipendavyo kuliko vyote katika mchezo mzima. Tatizo ni kwamba usipokuwa makini na hesabu, ukafungua viwanda vingi kuliko machimbo, utakwama bila kuelewa kwa nini.

Vampire Coast, maharamia wafu wa Novemba 2018, nawaweka wa tatu. Wana ramani za hazina zilizofichwa, wanaweka vituo vya siri katika bandari za wengine na kuchota mapato, na manahodha wao wakipuuzwa huasi. Zingatia jambo moja kabla ya kuwanunua: jeshi lao linategemea bunduki, na mwenye bunduki hawezi kufyatua kupitia migongo ya wenzake. Usipojua kupanga safu na kutumia miinuko, utaona nusu ya jeshi imesimama bure.

Ogre Kingdoms wanamfaa anayechoshwa na kusimamia vikosi ishirini vya watu wadogo. Majitu haya ni machache, mapana, na kazi yao ni kukimbia moja kwa moja hadi kwenye safu ya adui. Kampeni yao inazunguka kambi na nyama; jeshi likienda mbali na kambi bila nyama linaumia.

Beastmen, viumbe nusu watu nusu wanyama, walibadilishwa sana Julai 2021 na sasa wanastahili kutazamwa upya. Hawatawali miji. Wanasimamisha jiwe la kabila, wanateketeza makazi yanayolizunguka, wanafanya ibada, kisha wanahama. Jeshi lao nalo halina gharama za kila zamu. Asiyependa kulinda mipaka atafurahi; anayependa kujenga atachoka mapema. Wood Elves ni kwa mwenye mikono myepesi na uvumilivu wa kuwapanga wapiga mishale. Njia zao za msituni, zinazohamisha jeshi kutoka pori moja hadi jingine la mbali, ni nzuri kweli. Norsca, wapiganaji wa kaskazini, nawaacha mwisho, isipokuwa kama umependa hasa kuwinda mazimwi.

Hata hivyo, kwa bajeti ndogo, linganisha kwanza bei ya jamii moja na ya mchezo wa pili mzima, Total War: Warhammer II, wa mwaka 2017. Huo unafungua High Elves, Dark Elves, Lizardmen na Skaven katika Immortal Empires, na Skaven peke yao, na miji yao iliyofichwa chini ya miji ya wengine, wangeingia katika tatu bora zangu.

Vifurushi vya majemadari ni suala tofauti: vingi vinaongeza viongozi na vikosi kwa jamii zilizopo, wala havifungui jamii mpya. Shadows of Change ya Agosti 2023 ililalamikiwa kwa bei yake hadi watengenezaji wakaiongezea vitu Februari 2024 bila malipo ya ziada. Kuanzia Thrones of Decay ya Aprili 2024, kila jemadari anauzwa na sehemu yake peke yake. Kama unacheza Nurgle, chukua jemadari Tamurkhan. Kama unavutiwa na Empire au Dwarfs, jamii za mchezo wa kwanza, watazame Elspeth na Malakai.