Forester SG5 inalala kwenye kona? Stabilaiza ya milimita 22, shokapu mpya na bushi, kipi kinalipa

Oya wadau mambo vipi, karibuni tena, leo tupo chini ya gari kabisa, nimelala kwenye boksi hapa kwahiyo sauti ikipotea mniwie radhi. Gari mnayoiona ni Subaru Forester SG5, ile bodi ya 2002 mpaka 2008, injini ya lita 2.0, gari ambayo mjini zimejaa mpaka basi. Na kila nikipost hii gari kuna mtu lazima aje na swali lilelile, mkuu nataka Forester yangu ishike barabara kama Impreza, nifunge koilova gani? Jibu fupi usifunge koilova, zile shokapu zinazokuja na springi yake, za kushusha gari. Jibu refu tunalo hapa, twende.

Kwanza uelewe kwanini hii gari inalala. Ipo juu, kutoka chini ya gari mpaka lami ni kama milimita 200 kwenye modeli za kawaida, springi zake laini, halafu ile injini ya boksa, ya pistoni zinazolala ubavu, imekaa mbele ya ekseli ya mbele, kwahiyo pua ni nzito. Ukiingia kona kwa kasi kidogo unaona vitu viwili, bodi inalala upande wa nje, na pua inagoma kuingia, wewe unakata stelingi gari inataka kwenda moja kwa moja. Watu wengi wanaona ile ya kulala tu kwa sababu ndio inawatisha abiria, mama akishika mkono wa mlango hivi, lakini inayokupeleka mtaroni ni hiyo ya pili.

Sasa kabla hujanunua chochote cha kung'aa, bushi, zile raba za kwenye maungio ya chini ya gari. Kwenye amu ya chini mbele, ule mkono wa chuma unaoshika tairi, kuna bushi kubwa ya nyuma, hii hapa, naisogeza tochi, mnaona ilivyochanika? Hii ikifa ukishika breki gari inavuta upande, kwenye yale mabonde ya malori barabara ya Morogoro stelingi inatangatanga, na unaweza ukafunga shokapu za bei yoyote ile bado gari itaendelea kuyumba kwa sababu tairi lenyewe halijashikwa. Bushi za poli, yaani plastiki ngumu badala ya raba, zipo, ngumu, zinadumu, ila kwenye amu mimi sizipendi kwa gari ya kila siku, zinaleta mtikisiko wote wa barabara ndani ya gari, na fundi asipopaka grisi yake zinalia kama kitanda cha chuma. Raba ya orijino nzuri inatosha. Poli ziweke kwenye stabilaiza, kile chuma cha kuzuia gari isilale, tutakifikia, huko ndio mahali pake.

Na hapa sikiliza vizuri maana mafundi wengi wanaharibu. Bushi ya raba haikazwi gari ikiwa juu ya jeki tairi zinaning'inia. Unaweka bolti, unazungusha nati mpaka ishike tu, unashusha gari ikae kwa uzito wake ndio unakaza mwisho. Ukikaza hewani, gari ikishuka raba inakuwa imeshasokotwa tayari, inaishi imesokotwa hivyo hivyo, inachanika mapema halafu unasema bushi za siku hizi feki. Feki zipo nyingi kweli, lakini sio kila mara.

Haya shokapu. Ya mbele hakuna stori, ukiona mafuta yanachuruzika kwenye mwili wa shokapu, au tairi imeliwa kwa mabonde mabonde, badilisha, na zote mbili za kushoto na kulia kwa pamoja. Ile ya kubonyeza boneti kwa mkono ukahesabu inadunda mara ngapi haikwambii kitu, shokapu inaweza kupita huo mtihani na barabarani ikawa imekufa kabisa.

Nyuma ndio kuna mambo. Baadhi ya hizi Forester zilikuja na shokapu zinazojinyanyua zenyewe, zinaitwa SLS, ukipakia mizigo gari inaanza kutembea na zile shokapu zinajipampu mpaka mkia urudi juu. Teknolojia tamu sana ikiwa mpya. Zikichoka mkia unakaa chini, na ndio hizo Forester mnaziona zinatembea zimechuchumaa nyuma kama zimebeba saruji. Sasa mtu anaenda Gerezani kule kwenye maduka ya spea ananunua shokapu za kawaida za nyuma, anafunga na springi zilezile, mkia bado upo chini, anatukana shokapu. Ndugu yangu springi za SLS ni laini, zilitengenezwa zikijua shokapu inasaidia kubeba. Ukitoa SLS badilisha na springi weka za gari isiyo na SLS, na uangalie na mautingi ya juu kama inaoana. Sio hiari hiyo. Na yale maraba wanayochomeka katikati ya springi kuinua mkia, sawa mkia unainuka, lakini koili zilizobanwa hazifanyi kazi tena, springi inakuwa ngumu upande mmoja wa safari yake na gari inarukaruka kwenye makorogesheni.

Mimi humu nimefunga KYB Excel-G pande zote nne, hizi ni za matumizi ya kawaida sio za mbio, na springi sahihi za nyuma. Tofauti yake usitegemee kona, tegemea utulivu, tuta likipita gari inashuka mara moja inanyamaza, haiendelei kupepesuka. Kwa barabara zetu hiyo peke yake nusu ya kazi imeisha.

Sasa tuje kwenye mwenyewe, staa wa leo, hii stabilaiza ya nyuma, Whiteline ya Australia, milimita 22, ya kurekebishika. Stabilaiza ni chuma tu kimepinda, kinaunganisha tairi ya kushoto na ya kulia. Tairi zote mbili zikipanda tuta kwa pamoja hakifanyi chochote, kinazunguka tu kwenye bushi zake. Bodi ikilala upande mmoja ndio kinasokotwa, kinakataa. Kwahiyo unapata gari isiyolala bila kuifanya iwe ngumu kwenye matuta, umeona utamu wake? Na unene wake sio hesabu ya kawaida, ugumu unapanda kwa kipenyo kuzidishwa chenyewe mara nne, yaani kutoka milimita 20 kwenda 22, vyuma vyote viwili vikiwa vimejaa ndani, sio bomba, na urefu uleule, sio asilimia kumi, ni karibu asilimia 46. Milimita mbili tu hizo!

Na kwanini nyuma na sio mbele? Kwa sababu ile pua inayogoma. Ukikaza nyuma, sehemu kubwa ya kazi ya kuzuia gari isilale inahamia matairi ya nyuma, ya mbele yanapumua, yanapata mshiko wa kukata kona. Ukikaza mbele peke yake unapata gari isiyolala lakini inayokwenda moja kwa moja mtaroni ikiwa imesimama wima.

Hapa mwisho wa mkono kuna matundu. Tundu la nje kabisa ndio laini, la ndani ndio gumu, mkono unakuwa mfupi. Anza na la nje. Nasema tena la nje, hasa kama unaendesha kipindi cha mvua, maana nyuma ikikazwa sana lami ikiwa na maji mkia unaweza kukutangulia, na ukikanyaga shimo na tairi moja teke linahamia upande wa pili. Linki za zamani, vile vijiti vya kuunganisha stabilaiza na upande wa tairi, kwenye gari hii zilikuwa za plastiki, nimezitupa nimeweka za chuma, na breketi zinazoshika stabilaiza kwenye bodi kagua kama hazina ufa, kwenye Impreza za kipindi hicho watu wameshazing'oa kwa stabilaiza nene.

Barabarani sasa. Kwenye kipilefti unaisikia hapohapo, unakata stelingi mara moja gari inaingia, hurudii. Lakini iliponishangaza ni Kitonga, wanaopita Iringa mnaijua, kona juu ya kona na malori yanapanda kwa kujivuta. Zamani pale unakata kona, unasubiri bodi imalize kulala, ndio unajua gari imeelekea wapi. Sasa hakuna kusubiri. Abiria wa nyuma hajatapika, hicho ndio kipimo changu. Sehemu mbovu bado mbovu tu, kwenye vumbi lenye mashimo ya kupishana gari inakuyumbisha kichwa kushoto kulia kuliko mwanzo, hiyo ni bei yake na hakuna ujanja.

Wa koilova najua mmeshaanza kununa. Sikilizeni, mwaka 1997 Colin McRae, dereva wa rali, alishinda Safari Rally Kenya na Impreza, na magari ya Safari miaka ile hayakushushwa, yalinyanyuliwa, safari ya springi ndefu ili tairi lifuate ardhi. Koilova za bei rahisi unashusha gari, safari ya shokapu inaisha, inagonga stopa katikati ya kona na ikigonga mshiko umekwenda. Ukiwa na gari ya kwenda kwenye uwanja wa mbio sawa, na ununue nzuri. Ila kwa hela ya seti moja ya maana unapata stabilaiza, linki, bushi na matairi mapya, na chenji.

Mwisho, bolti ya juu inayoshika shokapu ya mbele kwenye Subaru ndio inayorekebisha mlalo wa tairi. Ukishaifungua tu vipimo vyote vimehama, kwahiyo ukitoka kwa fundi unaenda wili alaimenti siku hiyohiyo, omba mbele pande zote mbili zilingane, zilale ndani kidogo, utoke na karatasi ya vipimo mkononi. Ambaye hajui kama yake ina SLS apige picha shokapu ya nyuma aniwekee kwenye komenti, nitaangalia moja moja. Haya naomba nitoke huku chini, fundi anataka jeki yake.