Seti ya manowari ndogo za mchezo wa mezani, za nchi ya visiwa: boti zake nazipenda sana, meli yake kubwa hapana

Nina hii seti mwezi wa pili sasa, nimeichapisha yote, nimeipaka rangi yote, na jumapili karibu zote tunaicheza na wanangu mezani, kwa hiyo haya nasema baada ya kuitumia kweli. Ni jeshi la majini la nchi ya visiwa ambayo haipo duniani. Aliyeibuni anauza mafaili kwenye intaneti, unalipa dola 18, unashusha, halafu unapeleka kwa mtu mwenye printa ya 3D anakutolea meli moja moja. Ndani kuna manowari kubwa 1, kruza 1 (manowari ya ukubwa wa kati), destroya 4 (manowari nyembamba zenye kasi), boti 8 za torpedo, yaani bomu linalokimbia ndani ya maji, meli 1 ya kutega mabomu majini na meli 1 ya kubeba makaa ya mawe, zote kwa kipimo cha 1:1200, yaani destroya ya mita 90 inakuwa sentimita saba na nusu na boti ya torpedo ya mita 20 inakuwa kama punje kubwa ya maharage. Kuna na ramani ya visiwa pamoja na kurasa 6 za maelezo ya nchi na sheria za mchezo. Jina la nchi wameliacha wazi ujaze mwenyewe, wanangu wameiita Visiwa vya Mputa, yaani sangara, na bendera yao wameichora samaki.

Kila anayekuja nyumbani ananiuliza mtu wa Jinja na manowari wapi na wapi, Uganda bahari iko wapi. Jamani, maji tunayo! Ssese peke yake ni visiwa 84, Buvuma ni zaidi ya 50, na hapa kwetu watu walipigana vita vya majini kabla meli ya moshi hata moja haijaelea kwenye ziwa Victoria. Mwaka 1875 Stanley, yule msafiri mzungu, alimkuta Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, anapigana na watu wa Buvuma, akahesabu mitumbwi 325 ya Baganda, akaandika kwamba ya vita hasa ni 230, na mtumbwi mkubwa kuliko yote aliyoiona ziwani ulipita futi 70. Mbao zake zilikuwa zinashonwa kwa nyuzi za mimea, na mafundi wa kuishona na kuipiga makasia walikuwa watu wa Ssese. Mitumbwi ya Kabaka ilikuwa na mkuu wake kabisa, cheo chake Gabunga, ndiye mkuu wa ukoo wa Mmamba, na cheo kipo mpaka leo. Mimi nimekulia kambini, baba alikuwa askari wa nchi kavu lakini hadithi za mitumbwi ya vita alizipenda kuliko za bunduki, kwa hiyo nikishika seti kama hii naangalia kitu kimoja kwanza: hizi meli zinafanana na maji yake? Mbao zinatoka wapi, mafuta yanatoka wapi, nani anazitengeneza zikiharibika, na zinatakiwa kwenda mbali kiasi gani?

Sasa uchapishaji, maana hapo ndipo pesa ilipoingia. Mara ya kwanza nilipeleka faili kwa duka moja Kampala wakanitolea kwa printa ya uzi wa plastiki, na kwa meli ndogo hivi haifai kabisa, usikubali mtu akudanganye. Milingoti yote ilitoka kama mabaki ya gundi, mizinga imekuwa vinundu, ubavuni unaona mistari mistari kama ngazi. Nililipa shilingi 90,000 na nikatupa karibu zote. Mara ya pili nikapata kijana mwenye printa ya rezini, ile ya maji maji inayokaushwa kwa mwanga, akanichaji 240,000 kwa seti nzima, na hapo ndipo nikaelewa aliyechora hizi meli ni mtu anayejua kazi. Chukua destroya uisogeze karibu na dirisha: deki ya mbele imeinuka kidogo kisha inashuka ghafla nyuma ya omo, mabomba mawili ya moshi hayalingani unene, katikati kuna mitungi ya torpedo mitatu mitatu na unaweza kuihesabu kwa macho, na kwenye tezi kuna reli mbili nyembamba za kudondoshea mabomu ya kupigia nyambizi. Reli hizo mbili ni nyembamba kuliko uzi wa kushonea. Nilipopiga msasa kuondoa vile vijiti vinavyoishikilia meli wakati wa kuchapishwa nikavunja reli moja, nikairudisha na supaglu kwa ncha ya sindano, binti yangu akanishikia taa dakika ishirini mkono haujatikisika.

Ushauri wa rangi ni mfupi: praima (rangi ya kwanza ya chini) ya kijivu ya kupuliza, mkono mmoja mwembamba, basi. Ukiweka mbili unafunika kazi yote ya mchoraji.

Boti za torpedo ndizo zimeniteka. Ziko nane, na ukiangalia ramani unaona kwa nini: visiwa viko karibu karibu, njia za maji ni nyembamba, kuna ghuba ndogo nyingi za kujificha, yaani mahali ambapo boti ndogo yenye kasi inaweza kulala mchana na kutoka usiku. Mtu anaweza kufikiri hiyo ni ndoto ya mchezo tu lakini imetokea kweli. Tarehe 10 Juni 1918 kule bahari ya Adria boti ndogo ya Waitaliano, MAS 15 iliyoongozwa na Luigi Rizzo, iliipiga torpedo manowari ya Austria-Hungaria Szent István, meli ya tani elfu 20 hivi, na ikazama asubuhi hiyo hiyo, kuna picha za sinema inavyopinduka na watu wanakimbilia juu ya ubavu wake. Aliyechora hii seti amelijua hilo. Kila boti ina torpedo mbili tu, na sheria zinasema ukishazirusha lazima urudi bandarini kuchukua nyingine, huwezi kukaa pale unapiga piga. Hiyo sheria moja inafanya mchezo wote uwe na moyo. Mtoto wa dada yangu ana miaka 11, alirusha zote mapema akiwa mbali, akabaki na boti nane tupu katikati ya maji, tangu siku hiyo anasubiri mpaka namwambia fanya haraka basi.

Meli ya makaa pia, watu wataipuuza kwa sababu haina mzinga, lakini ndiyo inayoamua nani ameshinda. Kwenye ramani makaa yako kisiwa kimoja tu. Ukiizamisha ile meli, destroya za mwenzako baada ya zamu sita zinasimama. Nimeipenda sana hiyo, maana mchezo mwingi wa vita vya majini unakufanya ufikiri meli zinakula hewa.

Halafu tunakuja kwenye hiyo manowari kubwa, na hapa nina kinyongo kweli. Ni nzuri kwa macho, sentimita 14 na kitu, mizinga 8 ya inchi 12, minara ya mizinga inazunguka, ndiyo imewekwa kwenye picha ya tangazo na ndiyo iliyonifanya nilipe. Lakini nikasoma yale maelezo ya nchi: watu laki mbili, wavuvi na wakulima wa minazi, bandari moja yenye kina, hakuna chelezo ya kuingiza meli kubwa ikatengenezwe. Sasa watu hao manowari hii wameipata wapi na wanaishije nayo? Manowari ya Waingereza HMS Dreadnought ya 1906 ilikuwa na mizinga 10 ya inchi 12 na ilihitaji watu kama 700 kuiendesha, na hii yetu kwa urefu haipungui ile. Mia saba kati ya laki mbili, tena si mia saba wowote, ni mafundi wa boila, wapiga mizinga waliofundishwa miaka, na wote ni vijana wenye nguvu ambao wangekuwa kwenye nyavu. Jirani yetu mmoja mzee, amevua samaki kutokea Masese maisha yake yote, alikaa akaangalia tunavyocheza kimya kimya, akainyanyua ile kubwa akaipima mkononi, akaniuliza, "Mwanangu, hii inakunywa mafuta ya nani?" Nikamwambia, "Shikamoo yako mzee, hilo ndilo swali ninalotaka kumuuliza mwenye kuichora." Yeye boti yake ina injini ya Yamaha ya farasi 40 na anajua safari ya Buvuma inakula lita ngapi kwenda na kurudi, huwezi kumdanganya kwa mizinga.

Na sisi Waswahili mfano wa hiyo meli tunao karibu kabisa, Unguja. Kimbunga cha 1872 kiliharibu meli za Sultani, mwaka uliofuata Sultani Barghash akaiona manowari ya Waingereza iitwayo Glasgow, akaagiza na yeye ya kwake ya mfano huo, ikafika 1878 na jina hilo hilo. Meli nzuri, na miaka mingi imekaa tu imetia nanga mbele ya mji. Tarehe 27 Agosti 1896, kwenye vita ambavyo havikumaliza hata saa moja, Glasgow ikajaribu kuzipiga manowari za Waingereza, ikazamishwa pale pale bandarini, wanamaji wake wakapandisha bendera ya Uingereza kusalimu amri, na milingoti ikabaki imechomoza juu ya maji kwa miaka. Nikifikiria wale watu waliokuwa ndani, waliotumwa na meli ambayo haikujengwa kwa vita vile, roho inaniuma mpaka leo. Kwa hiyo mtu akichora nchi ya visiwa akaipa meli ya fahari bila kuuliza inafanya nini, mimi siwezi kuipita hivi hivi.

Na dawa ilikuwepo. Finland mwanzoni mwa miaka ya 1930 walijenga meli mbili za kulinda pwani, Väinämöinen na Ilmarinen, tani 3,900 hivi kila moja, mizinga minne ya milimita 254, na zinahitaji kina cha mita 4 na nusu tu, zimefanywa makusudi zipite katikati ya visiwa vyao na zijifiche huko. Meli fupi, nene, mlingoti mmoja mrefu kama mnara, sio nzuri sana kwenye picha, lakini ndiyo akili ya visiwa. Mbili za namna hiyo badala ya ile moja kubwa na seti ingekuwa kamili. Nimemwandikia muuzaji nikamweleza hivyo hivyo, akajibu siku ya pili kwa heshima, akasema wateja wengi wananunua kwa ajili ya hiyo kubwa. Namwelewa, biashara ni biashara, ila sikubaliani naye.

Kwetu tumeitoa kwenye vita. Watoto wameitia nanga bandarini kama meli ya kufundishia wanamaji wapya, na kwa pointi zake za mchezo tumenunua boti nne zaidi, nikazichapisha tena kwa rezini, 20,000 tu zote nne. Mchezo umekuwa mgumu na mtamu zaidi, unaisha kwa saa mbili badala ya moja.

Nyota 4 kati ya 5. Ukinunua, usichapishe vyote kwa pamoja, anza na destroya mbili, boti zote na meli ya makaa, hizo zinatosha kucheza kabisa na zinaingia kwenye bamba moja la printa ndogo ya rezini. Milingoti ya kwenye faili itavunjika tu ukiwa na watoto, ikate mapema uweke waya mwembamba wa shaba, ule wa ndani ya nyaya za simu za zamani. Ninao mwingi, aliyeko Jinja aje na meli zake nimkatie.